Nani aimbe mbolezi zetu? Kisa cha kwaya ya Aberfan

Kila mwanafunzi wa fasihi simulizi anajua kuziorodhesha nyimbo: nyiso za jandoni, hodiya za kazini, kimai za baharini, bembelezi za watoto na mbolezi za matangani. Huzikariri, akaandika maana ya kila moja katika mstari mmoja, akapata alama zake, basi. Swali ambalo silioni katika karatasi za mtihani ni hili: mbolezi huimbwa na nani? Ukimuuliza mwanafunzi atakwambia "na waombolezaji", na hapo atakuwa amejibu bila kujibu. Mwombolezaji ni nani? Ni yule aliyefiwa, ama ni yeyote aliyetumiwa nauli na kushonewa sare?

Nauliza kwa sabaabu ninayoiona kila maafa makubwa yanapokumbukwa hapa kwetu. Ratiba ni ileile. Sala, kwaya, hotuba, hotuba nyingine, kwaya tena wakati mgeni wa heshima anashuka garini, hotuba ndefu kuliko zote, dakika moja ya kimya, chakula. Kwaya imo, lakini imo kama tarumbeta. Inajaza mapengo ya ratiba. Waliofiwa huketi kwenye hema la pembeni wakisubiri kutajwa.

Hebu leo tutoke kidogo nje ya mipaka yetu twende Wales, kwenye kijiji ambako kwaya haikualikwa kuja kuyakumbuka maafa, bali ilizaliwa nayo. Msomaji asihofu kwamba nampeleka mbali mno. Ataona punde kwamba huenda wimbo wa huko na wimbo mmoja anaoufahamu vizuri ni ndugu.

Kijiji hicho kinaitwa Aberfan. Kimo katika bonde jembamba kusini mwa Wales, na kwa miaka mingi kiliishi kwa mgodi wa makaa ya mawe wa Merthyr Vale. Mgodi ukichimbwa hutoa makaa, na hutoa pia kifusi kisicho na faida kwa mtu. Kifusi hicho kilipandishwa mlimani na kumwagwa juu ya kijiji, lundo baada ya lundo, hadi yakawa malundo saba. Lundo la saba lilianzishwa mwaka 1958, na liliwekwa juu ya chemchemi. Chemchemi yenyewe haikuwa siri kwani ilikuwa imechorwa kwenye ramani.

Ijumaa, tarehe 21 Oktoba 1966, saa tatu na robo asubuhi, watoto wa Shule ya Msingi ya Pantglas walikuwa ndio kwanza wameketi madarasani. Ilikuwa siku ya mwisho kabla ya likizo fupi ya katikati ya muhula. Baada ya siku nyingi za mvua, lundo la saba likaporomoka. Matope meusi yaliteremka mlimani yakaifunika shule na nyumba zilizokuwa karibu nayo. Watu 144 walikufa. Kati yao 116 walikuwa watoto, wengi wa umri wa miaka saba hadi kumi.

Jambo linaloniuma kila ninapoirejelea historia hii ni kwamba watu walikuwa wamesema. Mwaka 1963 mhandisi wa halmashauri ya eneo hilo aliandika barua akionya juu ya hatari ya kumwaga kifusi cha majimaji nyuma ya shule. Kina mama nao walilalamikia maji machafu yaliyokuwa yakifurika shuleni. Tume ya uchunguzi iliketi kwa siku 76, na ripoti yake ya Agosti 1967 ikaibebesha lawama Bodi ya Taifa ya Makaa ya Mawe. Watumishi tisa walitajwa kuwa na sehemu katika lawama hiyo. Hakuna hata mmoja aliyeshtakiwa, wala aliyefutwa kazi. Katika kikao cha kuthibitisha vifo, baba mmoja alikataa maneno ya kitaalamu yaliyoandikwa kama sababu ya kifo cha mwanawe. Alitaka iandikwe kwamba mtoto alizikwa hai na Bodi ya Makaa. Wanaisimu wenzangu hupenda kujadili jinsi lugha rasmi inavyomficha mtenda ndani ya kauli ya kutendwa. Baba yule hakuhitaji mhadhara wetu. Alijua sentensi yake inakosa nani.

Tarehe 27 Oktoba watoto 81 na mwanamke mmoja walizikwa pamoja katika makaburi ya mlimani. Umati ulioshika kingo za mlima uliimba utenzi wa kidini wa Charles Wesley, "Jesu, Lover of My Soul". Ni utenzi wa karne ya 18, na waumini wa huku kwetu wanaufahamu kwa tafsiri yake ya Kiswahili. Watu wa Wales huuimba zaidi kwa mahadhi yaitwayo "Aberystwyth". Mahadhi hayo yalitungwa na Joseph Parry, mzaliwa wa Merthyr Tydfil, mji ulio kilomita chache tu juu ya bonde la Aberfan. Parry aliingia mgodini akiwa na miaka tisa. Familia yake ilihamia Marekani mwaka 1854, huko Danville, Pennsylvania, palipokuwa na viwanda vya chuma na Wawelisi wengi, na ni huko alikojifunza muziki kwa dhati. Baadaye alirudi akawa profesa wa muziki katika chuo cha mji wa Aberystwyth, ndipo mahadhi yale yakapata jina. Kwa hiyo watoto wa wachimbaji makaa walizikwa kwa sauti iliyotungwa na mtu aliyekuwa mtoto mgodini.

Sasa ndugu niliyemwahidi msomaji. Mwaka 1897 mwalimu wa shule ya misheni ya Wamethodisti karibu na Johannesburg, Enoch Sontonga, alitunga wimbo wa "Nkosi Sikelel' iAfrika". Tanzania iliuchukua mahadhi yake kwa "Mungu ibariki Afrika". Wapo wanamuziki wanaosema kwamba Sontonga alichota kwenye "Aberystwyth" ya Parry, na wapo wanaokataa katakata na kusema kwamba kufanana kwa nyimbo mbili za kanisa si ushahidi wa wizi wala wa undugu. Mimi si mwanamuziki, siwezi kuamua kesi hiyo. Mtu anaweza kuzisikiliza zote mbili, moja baada ya nyingine, akajiamulia.

Hata kama hawakuzaliwa na mama mmoja, walinyonyeshwa na mlezi mmoja, na huyo hana ubishi. Ni ule mfumo wa do, re, mi, fa, so uliosambazwa na John Curwen kutoka Uingereza katika karne ya 19. Mfumo huo ulimwezesha mtu asiyesoma nukta na mistari ya muziki kuimba sauti nne kwa ustadi. Wachimbaji wa Wales waliupokea kwa mikono miwili, wakaimba makanisani na katika makongamano yao ya nyimbo, soprano, alto, tena na besi. Wamisionari waliubeba hadi Afrika Kusini, na Sontonga aliandika nyimbo zake kwa herufi hizohizo. Ulifika pia hapa kwetu. Mwalimu wa kwaya wa kanisa lolote la kijijini, anayeandika "s:s:l:s" ubaoni kwa chaki kabla ya mazoezi ya Jumamosi, anatumia kalamu ileile waliyotumia mababu wa wale waliosimama makaburini Aberfan. Kwaya kwa asili yake ni chombo cha watu wa kawaida. Mtu ahitaji masikio, wenzake, na jioni moja kwa wiki.

Ndivyo ilivyokuwa baada ya maafa. Wanaume wa Aberfan na vitongoji vyake, wakiwamo waliofiwa, walianzisha kwaya wakaiita Ynysowen, jina la Kiwelisi la sehemu hiyo. Walitaka wakisaidie kijiji kusimama tena, na walitaka pia kuurudishia ulimwengu fadhila, kwa maana michango ilikuwa imemiminika kutoka nchi zaidi ya 40. Kina mama nao walianzisha chama chao mwaka 1967, wakawa wanakutana kila wiki. Kwaya ile inaimba hadi leo.

Kwa nini kuimba, si kuzungumza? Hili nitalijibu kwa maoni yangu. Aberfan ilikuwa kijiji cha watu wasioweza kuzungumza. Watoto walionusurika wamesimulia ukubwani kwamba waliogopa kucheza barabarani, kwa sababu mzazi aliyempoteza wake angewaona, naye angeumia. Fikiria hilo. Mtoto anaona haya kuwa hai! Mzazi aliyebakiwa na mtoto na mzazi aliyempoteza wake wanakutana dukani, kila mmoja anatazama mkate. Neno la pole limekwisha kusemwa mara elfu, halina tena mahali pa kuingilia. Katika kwaya, watu hao wawili wanaweza kusimama bega kwa bega, mmoja tena na mwingine besi, wakavuta pumzi mahali pamoja na kuitoa mahali pamoja. Hakuna anayelazimika kusema lolote. Hakuna pia anayeimba peke yake, na sauti ikimkatikia mmoja, jirani yake anaendelea na wimbo hauanguki. Nadhani mababu zetu walilijua hili pia. Ezekiel Alembi, aliyekuwa mhadhiri katika Chuo Kikuu cha Kenyatta, aliandika tasnifu nzima kuhusu ushairi wa matanga wa Wanyole, na anayewajua Wajaluo anajua dengo zao. Katika mbolezi za aina hiyo aliyefiwa ndiye anayeimba, na jamaa na majirani ndio wanaomwitikia.

Lakini nisije nikachora picha tamu kupita kiasi. Ipo hatari ya kudhani kwamba watu wanaoimba wametulia, wamekubali, wamesamehe. Wakubwa hupenda sana kuamini hivyo. Wacha niseme yaliyotokea. Baada ya maafa, malundo mengine yalibaki palepale mlimani, juu ya kijiji chenye makaburi mapya. Wanakijiji walitaka yaondolewe. Waliambiwa hayana hatari, tena ni ghali kuyaondoa. Wakazidi kudai, hadi siku moja wakabeba kifusi kutoka mlimani wakaenda kukimwaga ndani ya ofisi za serikali mjini Cardiff. Serikali ikakubali kuyaondoa, lakini mwaka 1968 ikachukua pauni 150,000 kutoka kwenye hazina ya waathiriwa ili kuchangia gharama. Yaani pesa ambazo watu wa dunia nzima walizichanga kwa ajili ya waliofiwa zilitumika kuondoa uchafu wa bodi iliyowaua watoto wao. Zilirudishwa mwaka 1997, pauni zilezile 150,000, bila riba ya miaka 29. Ilipofika 2007 serikali ya Wales ikaongeza pauni milioni mbili kwa ajili ya kumbukumbu na elimu katika kijiji hicho.

Kijiji kilichokuwa na kwaya ndicho kilichokuwa na madai. Jioni moja ni ya mazoezi, jioni nyingine ni ya kikao na barua kwa waziri. Sioni kwamba kazi hizo mbili zilipingana. Kwaya inahitaji watu watokee kila wiki, wafike kwa wakati, wamsikilize mwenzao, warudie kitu kilekile mpaka kiwe sawa. Kudai haki kwa miaka 30 kunahitaji vitu hivyohivyo.

Oktoba 2016, katika kumbukumbu ya miaka 50, jambo lilifanywa kwa ukubwa zaidi. Kituo cha televisheni cha Kiwelisi, S4C, kilimwagiza mtunzi Karl Jenkins atunge kazi ya kukumbuka Aberfan. Maneno yalitungwa na mshairi Mererid Hopwood, kwa Kiwelisi, Kiingereza na Kilatini. Kazi hiyo, "Cantata Memoria", iliimbwa kwa mara ya kwanza mjini Cardiff tarehe 8 Oktoba na kwaya kadhaa zilizounganishwa, za watu wazima na za watoto. Inaanzia kwenye maafa na kuishia kwenye nuru na furaha ya utoto. Nina shaka kidogo na safari hiyo. Watunzi wakubwa hupenda kutufikisha kwenye nuru kabla ya taa za ukumbi kuwashwa, kumbe huko kijijini nuru haikufuata ratiba ya tamasha. Nakiri, hata hivyo, kwamba sauti za watoto katika kazi hiyo zinafanya jambo ambalo kwaya ya wanaume haiwezi kulifanya. Zinaturejeshea umri wa waliokufa. Na lugha je? Chombo cha lugha ndogo, inayopigania uhai wake mbele ya Kiingereza, kilitumia pesa zake kuagiza mbolezi kubwa kwa lugha hiyo. Sisi tulio na lugha ya mamilioni tumeagiza nini?

Hapo ndipo ninaporudi nyumbani, na narudi na lawama kidogo. Kenya haina upungufu wa kwaya. Kila mwaka Tamasha la Muziki huanzia ngazi ya shule likapanda hadi la kitaifa, na walimu wetu hutunga nyimbo mpya kwa mada zinazodhaminiwa na mashirika. Tumesikia watoto wakiimba kwa sauti nne faida za kulipa ushuru. Tumewasikia wakiimba usalama barabarani, uchaguzi wa amani, usafi wa mazingira. Ni sawa, sina ugomvi na ushuru. Ila katika miaka yote niliyoyafuata matamasha hayo, sijasikia watoto wa Mombasa wakiimba Mtongwe.

Tarehe 29 Aprili 1994, asubuhi, feri iliyojaa kupita kiasi ilipinduka muda mfupi baada ya kuondoka Mtongwe kuelekea kisiwani Mombasa. Watu 272 walikufa, karibu mara mbili ya waliokufa Aberfan. Walikuwa wakienda kazini, sokoni, shuleni. Mkenya mwenye umri wa chini ya miaka 30 ukimtajia Mtongwe leo, mara nyingi atafikiri unazungumzia kivuko tu.

Lipo pia tukio la karibu zaidi ambalo linafanya swali langu la mbolezi kuwa zito mno. Tarehe 4 Desemba 2021 basi lilisombwa na mafuriko ya Mto Enziu, karibu na Mwingi, likijaribu kuvuka. Zaidi ya watu 30 walikufa, na wengi wao walikuwa wanakwaya wa kanisa Katoliki la Mwingi waliokuwa wakienda harusini. Kwaya ndiyo iliyokufa. Anayejua kuimba anajua maana yake: kwamba Jumapili iliyofuata kulikuwa na nyimbo zisizo na besi, na mahali kwenye benchi ambapo hakuna aliyetaka kuketi. Wale waliobaki wakiimba, wanaimba kuzunguka nafasi za wenzao. Kwaya kama hiyo huwezi kuipanga kati ya hotuba na chakula.

Nikisema tuimbe, sisemi lazima iwe kwaya ya kanisa. Neno lenyewe "kwaya" tumelikopa kwa Waingereza, na limekuja na joho lake. Waliozama Mtongwe walikuwa Waislamu na Wakristo, watu wa pwani na watu wa bara. Kaswida za pwani zina kiongozi na waitikiaji. Maulidi yana sauti za wengi na miili inayoyumba pamoja. Na ipo bahari yenyewe, ambayo Kiswahili kiliitungia bahari yake ya ushairi: kimai, nyimbo za watu wa majini. Tumeiacha kimai ikae katika orodha ya mtihani, kati ya hodiya na bembelezi, kana kwamba bahari imekoma kuua watu.

Kazi yenyewe haihitaji mdhamini mkubwa. Inahitaji mtunzi mmoja wa mashairi kutoka Likoni au Mtongwe, mwalimu mmoja wa muziki, ukumbi wa shule jioni moja kwa wiki, na waliofiwa waliokubali kuja. Wasiotaka kuimba wakae wasikilize mazoezi, hiyo nayo ni njia ya kuhudhuria. Mgeni wa heshima akitaka kuja, na aje, lakini asimame nyuma na wenye sauti ya nne. Mtoto aliyekuwa na miaka saba asubuhi ile ya 1994 leo ni mtu mzima wa kuweza kuwa na watoto shuleni. Wao, waliokwenda kumsubiri mzazi ng'ambo ya pili ya maji wasimwone, ndio ningependa waulizwe kwanza wimbo uanze kwa neno gani.